Kofia Tatu

Wengine huhesabu miezi. Mimi nahesabu kofia.
Moja humalizika kwa siku mia, mkono ukiwa mtulivu,
na wewe, Koplo Somoe, ulikaa ng'ambo ya mpaka
kofia tatu.

Ya kwanza niliishona dakani, hapa Langoni,
sindano ikinichoma kila redio ilipotaja mlipuko.
Wanaume wa mtaa walipita, wakasalimu,
wakangoja wafike pembeni ndipo waseme:
"Mke ana bunduki, mume ana uzi."
Salamu niliitikia. Kicheko niliwaachia wenyewe.

Ya pili niliishona usiku,
maana mchana nilikuwa kwenye nywele za Zulfa,
mistari minne, yote imepinda kama vichochoro vya Mkomani.
Mwalimu alicheka, mtoto akalia,
nikafumua, nikaanza tena.
Alipopata homa sikukwambia.
Gari la mbele lilipoungua hukuniambia.
Simu ya Ijumaa, dakika sita:
"Nyote wazima?"
"Wazima. Nawe?"
"Mzima."
Kisha sauti ya upepo, kama vile upepo ndio uliolipiwa.

Aliyetuvunjia ukuta huo ni Wanjeri wa Mpeketoni,
mumewe dereva wa kikosi chenu.
Alivuka kutoka Mokowe na gunia la mahindi mabichi,
akavua viatu, akaketi, akasema bila kuumauma maneno:
"Gari lile lilikuwa la mume wangu. Ameniambia.
Anayeficha, Shee, humtwika mwenzake mzigo
kisha akazima taa."
Tulichoma mahindi. Zulfa alikula matatu.
Ijumaa ile nikakwambia homa.
Ulinyamaza dakika nzima kati ya zile sita.
Halafu ukaniambia moto.

Ya tatu haikwisha.
Ulirudi nikiwa safu ya mwisho,
uzi ungali mdomoni.
Zulfa alijificha nyuma ya pazia, akakuamkia "shangazi."
Ulicheka. Niliuona mdomo ukicheka peke yake.
Usiku punda alilia chini ya dirisha,
nikakukuta sakafuni, mgongo umeegemea mlango,
viatu umevifunga kamba.
Sikukuita kitandani.
Nililishusha godoro.

Mama alisema, "Mkeo meingiwa ni kitu,"
akataka aje mtu wa kukusomea.
Nikamwambia asome, dua haina hasara,
ila na yule daktari wa Manda tutamwendea,
kila Jumanne, hata mvua inyeshe.
Wewe unaingia ndani. Mimi nakaa benchi la nje.
Kwenye benchi hilo nimemkuta Wanjeri,
naye anangoja wake.
Hatuna mengi ya kusema siku hizi.
Yeye huleta njugu, mimi huleta kahawa,
na mlango ukifunguka
sote wawili hutazama viatu kwanza, kisha nyuso.

Juzi ulikuja ukaketi karibu nami dakani.
Hukusema neno. Ulinyoosha mkono, nikakupa sindano.
Mkono unaojua kuifungua bunduki na kuiunga gizani
ulitetemeka kwenye kitundu kimoja mpaka adhuhuri.
Wanaume wakapita, wakasalimu.
Zulfa akatoka ndani, akachungulia.
"Si hivyo," alisema. "Shika hapa,"
akakushika kidole kama nilivyomshika yeye.
Hakukuita shangazi. Hakukuita lolote.
Alikaa tu hapo, goti lake juu ya lako,
akikukemea.

Leo amekuja mnunuzi kutoka Faza.
Ameigeuza kofia, ameiinua juani:
"Safu hii imekosewa. Ifumue, nikupe bei yote."

Sifumui.
Magharibi nimeivaa mwenyewe kwenda msikitini,
na ile sehemu iliyopinda
nimeiweka mbele.