Sekunde ya Nne

Vua saa, mzee Kauno. Mkanda. Pete.
Pete haitoki. Tunapaka sabuni,
inatoka na ngozi kidogo, ya miaka thelathini na saba,
na Tuulikki mkewe anaifumba kiganjani.

Nje, Tampere imeganda tangu Novemba.
Alianguka Februari ya mwaka juzi
akikwangua theluji juu ya paa la sauna,
akainuka, akapangusa suruali, akamalizia upande uliobaki.
Picha za hospitali zilisema: mzima.
Mara ya pili: mzima.
Mzima gani atiaye chumvi kwenye kahawa
akainywa yote, asiseme neno,
asimame mlangoni na kiatu kimoja mkononi
akimuuliza mbwa jina lake?

Mimi si daktari. Mimi ni wa vitufe.
Naitia damu alama ikipita shingoni,
bila rangi, bila sindano, kwa sumaku tu,
kisha naingoja huko juu, nihesabu iliyofika.
Damu yenyewe haina kelele. Mashine ndiyo inayogonga
kama fundi bati aliyedhulumiwa ujira.

Vuta pumzi. Izuie.
Hapo ubongo hudai, mishipa hupanuka,
kila mtaa hupata mgao wake.
Kwenye skrini wekundu unapanda kulia, unapanda kisogoni,
unapanda,
ila nyuma ya paji, kushoto, mahali padogo kama punje ya kunde,
hapo haupandi.
Moja. Mbili. Tatu.
Sekunde ya nne damu ikaja ikijikokota,
mgeni aliyealikwa mchana, anafika vyombo vinaoshwa.

Daktari Saimi akasogeza kiti.
Huu ni utafiti: watu arobaini na mmoja, huyu wa kumi na tisa,
na doa moja si hukumu, wala hatuna dawa ya kumpa.
Akasema tu, "Rudia."
Nikarudia. Nne tena.

Tuulikki aliitazama picha mpaka kioo kikataka kuzima,
akaweka kidole kwenye lile doa la bluu,
kidole kikaacha jasho.
"Karibu miaka miwili," akasema,
"namgombeza mtu huyu kwa uvivu."

Kauno akavaa saa. Akavaa mkanda, akaruka tundu moja.
Pete ikagoma kwenye kifundo.
Nikanyoosha mkono kuchukua sabuni.
"Acha," akasema mkewe. "Ngoja."
Tukangoja.