Pambizoni

Vitabu vya Mama Mkubwa Shinuna
vilikuwa Ruwi, ghorofa ya tatu, juu ya fundi cherehani,
ndani ya maboksi ya tende za Nizwa.
Alisomesha fasihi miaka thelathini na moja.
Alisoma na penseli sikioni, kama seremala.

Yule mfalme aliyefunga lango la mji kwa hasira,
kisha akaona haya kulifungua
kwa kuwa bawabu alikuwa akimtazama:
pambizoni, kwa hati ya Kiarabu, kwa Kiswahili cha Vuga,
"Hakukosa akili huyu.
Alikosa mtu wa kumvuta kanzu."

Yule mjane aliyetupa barua motoni bila kuifungua,
akazeeka akikisia maneno yake:
"Afadhali mfalme. Lango lilikuwapo.
Jivu halina bawabu."

Na tabibu, ukurasa wa mia mbili na kumi,
aliyejua homa ya kila nyumba mtaani
ila ya nyumba yake,
hakumwandikia kitu.
Alimpigia mstari tu, mara mbili,
hata karatasi ikatoboka.

Nikakaa zuliani, nikawapanga watatu hawa.
Yupi kosa lake zito zaidi?
Lakini yeye hakutufundisha hivyo.
Usiulize nani mwovu, alikuwa akisema,
uliza ni saa ngapi alikuwa bado anaweza kugeuka.

Mama yangu alikuwa Sibu.
Dakika arubaini, foleni ikiwapo.
Yeye na dada yake walinuniana tangu matanga ya babu,
kwa ajili ya dele la kahawa, la fedha,
mdomo wake umepinda kidogo.
Miaka kumi na tisa.
Kila mmoja alingoja simu,
na kila mmoja alikuwa na simu.

Nyuma ya jalada la mfalme nikakuta ubeti:

*Ningekuwa mlangoni, lango ningelifungua,*
*Ufunguo mkononi, kiburi chakuumbua,*
*Mwiba umo unyayoni, wenzio wawachungua,*
*Mja hafi kwa jirani, hufa kwa anachojua.*

Tarehe chini yake ni ya wiki ile mama alipolazwa.
Hakwenda.
Mama naye hakumwita.

Nikaitwaa penseli yake, imebaki kidole kimoja.
Nilitaka kuandika: wajinga wawili.
Mkono ukasita.

Leseni niliipata mwaka wa tatu wa mnuno ule.
Gari ilikuwa yangu, petroli yangu.
Ijumaa ngapi nimekula kwa huyu mchana,
kwa yule usiku,
nikaulizwa, "Umetoka wapi?"
nikajibu, "Matembezini,"
na sikubeba neno, si la huyu wala la yule,
nikajiita mwenye busara.

Boksi la mwisho lilikuwa zito kuliko vitabu.
Dele limeviringwa gazeti la mwaka ule wa matanga,
uzi haujafunguliwa.
Ndani yake hamna hata harufu ya kahawa.