Shanga Arobaini na Moja

Saa kumi alfajiri, machinjioni Szeged.
Gergő ananishikia taa. Mimi nina kisu kifupi
na debe la barafu kavu linalofuka moshi bila moto.

Kondoo wa mia tatu na sita,
sitaki nyama yako wala sufu.
Nataka kipande kilichojificha chini ya ubongo,
kidogo, hakijazi hata kijiko,
hapo anapokaa mpiga mbiu.

Maana mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo,
nasi mwaka wa kumi na moja huu twamtafuta anayeipuliza.
Profesa Halmos anasema ni mkufu:
shanga arobaini na moja katika uzi mmoja.
Ukikata ya mwisho, mkufu ni bubu.

Hauendi mbali. Unateremka kwa vimishipa
hadi kwenye tezi iliyoketi juu ya tandiko lake la mfupa;
tezi inaikabidhi damu neno,
damu inashuka nalo hadi figoni,
na kofia mbili za manjano juu ya figo
zinakamua kotisoli.
Ghala la sukari linafunguliwa.
Usingizi unafukuzwa kama mbwa.

Haya niliyajua kama njia ya kwetu.

Kisha Jumanne simu ikalia maabara.
Piroska, dada yangu: “Mama ameanguka jikoni.”
Akanyamaza. Nikasikia birika likichemka upande wake.

Sikulia. Kwanza viganja vilipoa,
mdomo ukawa kama nimelamba chokaa.
Nikatazama saa ya ukutani, nikahesabu
(aibu gani, nilihesabu!)
sekunde za tezi, dakika za figo,
na nikamtambua. Ndiye.
Niliyemsaka miaka yote ndani ya madebe
alikuwa fuvuni mwangu anapuliza,
wala hakujali kwamba namjua kwa hesabu.

Vitabu vinasema kotisoli hurudi juu,
humbishia hodi: yatosha, wamesikia.
Naye huishusha pembe.
Kwangu ilibisha hadi theluji ikayeyuka.
Hakufungua mtu.

Leo nimemwomba mchinjaji asiwapigie kelele.
Akacheka: “Kondoo anajua nini?”
Sikumjibu.
Nilikuwekea kiganja kwenye paji, wewe wa mia tatu na sita,
bado lilikuwa na joto,
ndipo nikakata.