Rimu ya Nyuma

Nimeingia Mwanjelwa na sumaku mfukoni,
niliyoichomoa kwenye spika ya redio iliyokufa,
maana Mahenge mwenye duka ni mtu mzuri
ila mali yake haina mazoea ya kusema kweli.
Nagusa rimu ya kwanza, inang'aa kama sufuria ya harusi:
tak! Chuma.
Chuma kilichoazima shati la aluminiamu.
"Hiyo rudisha," nasema. Anacheka. "Dada wa maji, wewe!"
Nasoma mita za maji, kata tatu, mwaka wa kumi na moja;
najua namba inavyodanganya ikijipaka vumbi.

Ya pili ya dhahabu. Nyepesi, naiinua kwa kidole.
Sumaku inateleza. Nahesabu matundu:
thelathini na mawili. Habu yangu inataka thelathini na sita.
Dhahabu yote hiyo, na imepungukiwa vitundu vinne.

Ya tatu haina spoki. Vidole vitano vyeusi,
imemwagwa kwenye kalibu ikatoka kipande kimoja.
Vijana wa bodaboda wameshapiga kura:
"Hiyo, sista! Haipindi, haitaki kukazwa!"
Haipindi, kweli. Siku ikichoka, inapasuka.
Na pikipiki ya mwaka sabini na sita juu ya vidole hivyo
ni babu aliyevalishwa raba za mjukuu.

Ilikuwa ya baba, Anyosisye, bwana mifugo.
Alipanda nayo Isongole, akashuka nayo Kiwira,
mtungi wa mbegu za madume nyuma, umefungwa kwa mpira wa tyubu,
ukifuka moshi wa baridi ndani ya ukungu.
Ng'ombe wenye paji jeupe mteremko ule
wengi wana undugu na kile kiti.
Kibonyeo cha rimu ya mbele ni cha usiku wa jiwe:
alianguka ameukumbatia mtungi.
Goti halikupona. Mbegu zilifika.

"Nataka iwe kama alivyoiacha,"
namwambia fundi Gwakisa, mikono mitupu.
Anaweka msasa chini.
"Basi njoo uone alivyoiacha. Lete hiyo sumaku."

Mbele: tak.
Nyuma inateleza,
inadondokea kwenye oili.

Chini ya rangi ya kijivu
(kijivu kilekile cha mlango wa choo chetu)
aluminiamu, safi, namba zimegongwa ubavuni,
matundu thelathini na sita, hakuna hata moja lililokosea.
Haikutoka kiwandani nayo.
Mtu aliinunua. Mtu akaipaka rangi kwa brashi,
taratibu, alama za nywele za brashi bado zipo,
ili mwenye nyumba asijue.

Mlango wa choo ulipakwa rangi mwaka tisini na moja.
Mwaka huo nilikaa nyumbani muhula mzima
nikichambua maharage na mama,
kwa sababu ada ilikuwa "inakuja."

Nakaa juu ya debe. Napiga hesabu, ndiyo kazi yangu.
Gwakisa haniangalii; anadonoa spoki moja moja
akisikiliza ipi imelegea.
Kicheko kinanitoka kabla sijakipa ruhusa,
na nyuma yake kitu kingine, nakimeza.
Mwanamume wa mshahara ule, barabara zile,
alipenda kitu chepesi.
Pesa ikatosha gurudumu moja.

Narudi kwa Mahenge. "Aluminiamu. Thelathini na sita. Isiyo na urembo."
Anapanda ngazi, anashusha moja iliyofungwa gazeti la zamani,
ameisahau huko juu, wala haikumbuki bei yake.
Napatana naye mpaka anaomba maji ya kunywa.

"Nizipake rangi zifanane?" anauliza Gwakisa.
Hapana. Hii iache hivyo.
Ile ya baba ikwangue mpaka mwisho.
Jumapili naipeleka Tukuyu, naiegesha mlangoni kwa mama,
jua likitoka, likitoka.
Akiuliza bei,
nitamtajia zote mbili.