Upungufu

Barua imefika Tabora kabla ya mvua.
Nimeisomea stesheni, nimekalia dumu la asali,
treni ya Kigoma imechelewa tena.

Wanasema Mihayo hajatimiza.
Waliomba hati za mshahara za miezi sita.
Mitano imekaa sawa,
wa Februari umetoboka:
mwezi aliolazwa na homa ya mapafu
huku akiniambia kwenye simu, ni mafua tu, mke wangu.

Ndivyo nilivyojua.

Mizinga yangu arobaini haimo hesabuni.
Asali ya miombo haina muhuri wa benki,
na Mama Kalunde, mnunuzi wangu wa kila Ijumaa,
hulipa kwa noti zinazonuka tumbaku.

Nikapiga hesabu upya, kwa kidole, vumbini:
tumepungukiwa paundi mia tatu na kumi na mbili.
Sikujua ndoa nayo hupimwa kwa pishi,
na isipofurika
mpimaji humwaga yote.

Usiku akapiga. Akaanza na samahani,
mshahara, wakili, rufaa.
Nikamkatiza:
mapafu, Mihayo.
Niambie kwanza mapafu.