Kaunti Inayoenea Kwenye Bahasha

Bi Enid Pridmore ana miaka themanini na tisa.
Mimi ndiye ninayemvisha soksi saa mbili asubuhi
na kumhesabia vidonge.
Kila siku huniuliza kama nimeshaimaliza Rutland.
Bado, namwambia.
"Mvivu wewe! Ukianza safari chai ikiwa moto,
utafika mpakani haijapoa."

Jumapili yangu ya mapumziko nikaanza na Oakham.
Ndani ya ukumbi wa ngome, kuta zimevaa viatu vya farasi:
vya wafalme, vya mabwana wenye vyeo,
kila aliyepita alitozwa chuma.
Vyote vimeinamishwa, midomo chini.
Ili shetani asipate pa kukalia, alisema mlinzi.
Kumbe hata huku anatafuta kiti.

Kisha daraja la reli, matao themanini na mawili ya matofali
juu ya kijito ambacho kondoo mwenye haraka angekiruka.
Usidharau wembamba wa reli, gari moshi hupita.
Nilipomfasiria Enid, aliitaka iandikwe
nyuma ya karatasi ya dawa.

Mwaka wa sabini na nne serikali ililifuta jina.
Wakaambiwa: nyinyi sasa ni wa jirani.
Enid alikuwa akimwandikia dada yake aliyeolewa Hull;
miaka ishirini na mitatu, kwenye kila bahasha,
Rutland, na mstari chini yake,
kalamu ikikaribia kutoboa.
Posta wakazoea.
Mwishowe na serikali ikazoea.

Ila kuna kilichofutwa na maji.
Ijumaa nilimsukuma hadi ukingoni,
gurudumu moja likilia kama bata.
Kanisa la Normanton limezama kiunoni,
kama mtu aliyeingia kuoga akaitwa, asijue aitike au aendelee.
Furukombe alishuka, akapaa na samaki.
"Huyo Septemba anakwenda kwenu," akasema Enid.
Huenda Senegali, mbali na kwetu kama hapa.
Sikumsahihisha.

Akanyosha kidole juu ya maji matupu:
"Pale jikoni. Pale mtufaha.
Pale mama alikuwa akianika mashuka."
Nikatazama alipoonyesha.
Upepo ulikuwa ukikunja, ukikunjua, ukikunja.
Nilipoinama kumfunika miguu
nikaona soksi ya kushoto
nimemvisha nje ndani,
na yeye tangu asubuhi hakusema.