Vumbi Lenye Tarehe

Kwa Swedi wa vyuma chakavu, nyuma ya Makupa,
mashine ilikuwa imelala kati ya friji lisilo mlango
na feni tatu zilizovunjika shingo.
Mimi nilidhani ni kombora, Swedi alidhani mtungi wa gesi.
Tukapatana mia nane,
akaniongezea mpira wake bure,
umekauka kama utumbo ulioanikwa.

Miaka thelathini na moja nilisoma namba Kilindini:
makontena, makasha, lakiri.
Kitu hakikupita mkononi mwangu bila kuniambia
kimetoka wapi, lini, nani kakitilia sahihi.
Nimestaafu. Macho hayajastaafu.
Nikaiweka juu ya gazeti, barazani kwetu Tudor,
nikavaa miwani.

Kibati cha ubavuni kimesuguliwa mchanga na sabuni
na mkono wenye bidii kupita kiasi.
Jina la kampuni: herufi mbili, na mkia wa ya tatu.
Namba: nne, saba, kisha weupe.
Mwaka hakuna. Nani angeandika mwaka
juu ya kitu anachotaka kiitwe kipya?

Nikageukia mashahidi wengine.
Waya umevishwa kitambaa, kahawia na njano, kama soksi ya shule.
Plagi ina vijiti vya mviringo, vitatu, vinene;
nyumba yetu ya Ganjoni ilikuwa na matundu hayo,
nilitaka kutia chelewa nikachapwa
kabla umeme haujaniwahi.
Skrubu zote zina mfereji mmoja kichwani,
hakuna yenye msalaba.
Kishikio cheusi, kizito, si plastiki hasa:
ukikisugua kwa kidole gumba
kinatoa harufu ya hospitali.
Nikaandika daftarini: Baada ya vita. Kabla ya uhuru.
Nikakata.
Nikaandika tena, na alama ya kuuliza.

Fundi Mishi, anayesuka mota pale Bondeni,
aliifungua huku anatafuna kashata.
"Kaboni zimelika, koili nzima.
Huyu kafanya kazi, hakuwa pambo."
Akageuza kifuniko cha chini:
mikwaruzo ya msumari, NYAMAWI,
na vistari, vitano vitano, vimefungwa kama kuni.
Nilihesabu hadi mia na kumi, nikaacha.
Siku? Mazulia? Mishahara aliyodai?
Wiki nzima namtafuta aliyeiunda,
sikuwa nimemuuliza aliyeisukuma.

Nyumbani: plagi mpya, bismillahi, swichi.
Ikakohoa, ikapanda sauti kama kinu cha posho.
Ningejuaje kwamba zina matundu mawili,
la kuvuta na la kutema,
na kwamba mgeni wa mambo
huchomeka mpira kwenye la pili?
Likatoka lote. Vumbi la kijivu,
nywele za mbwa (sisi hatufugi mbwa),
nyuzi za zulia jekundu,
likatua juu ya vitambaa vya makochi
vilivyopigwa pasi jana kwa ajili ya wageni wa posa.
Na juu ya meza, ting:
senti kumi yenye tundu.
Nikaipangusa kwa shati.
Elfu moja mia tisa hamsini na sita.

"Mwaka!" nikapiga kelele. "Mwanakombo, nimepata mwaka!"
Akasimama mlangoni na mwiko,
kope zimekuwa nyeupe kwa vumbi la Kizingo.
"Na mimi nimepata siku," akasema. "Ni leo.
Chukua ufagio."

Nilifagia hadi magharibi, huku nawaza.
Senti hukaa mfukoni miaka, haithibitishi kitu,
karani yeyote wa bandari anajua.
Ila wapo mabwana walioacha senti chini ya zulia
kumpima mtumishi, ataiba ama atairudisha.
Nyamawi hakuiba, hakuirudisha.
Alipitisha mashine.

Daftari, ukurasa wa kwanza:
Nambari moja. Muundaji hajulikani.
Mwaka: 56, labda.
Mwenyewe: Nyamawi.
Hapo sikuweka alama ya kuuliza.